Hodi Ambayo Sikuiandika

Jumapili, Julai. Asubuhi baridi, mchana vumbi. Upepo unaleta harufu ya salfa kutoka kwenye mikorosho inayopulizwa dawa huko nje ya mji wetu wa Nachingwea, na mimi nimeamka nimenuna.

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama.

Yule mtu anayejiita Mkulima Halisi, aliyenipa nyota mbili na kuandika malalamiko marefu kuliko insha zangu za shule, ni baba yangu mzazi. Hajui kwamba gemu anayoilalamikia nimeitengeneza mimi, kwenye chumba kilicho nyuma ya kiti anachokalia akilalamika.

Msiniulize kama nina uhakika. Baba husoma kwa sauti kila sentensi kabla ya kuituma. Huandika kwa kidole kimoja, anasoma, anafuta, anasoma tena. Mimi nipo upande wa pili wa ukuta, naisikia hukumu yangu ikitungwa neno kwa neno.

Kwa ambaye hajawahi kupita kwenye blogu hii, nimemaliza kidato cha sita mwezi Mei, nasubiri matokeo, na mwezi uliopita nilitoa gemu ya simu inayoitwa Dungu. Dungu ni kile kichanja cha miti kinachojengwa shambani ili mtu akae juu alinde mazao. Kwenye gemu una shamba la mahindi na ufuta, walinzi wanne, debe moja, na kamba ya kufungia makopo. Mchana wanakuja nyani, usiku nguruwe pori. Unapanga nani akae wapi na nani apige debe saa ngapi. Peke yako hushindi, hilo nililitaka tangu siku ya kwanza. Lazima mlindiane kwa zamu na majirani, wewe uende kwao na wao waje kwako.

Niliitoa kabla haijakamilika, na nikaandika hivyo wazi. Hili ni toleo la mapema, gemu bado inajengwa, tafadhali nipeni maoni.

Nilipoandika "nipeni maoni" sikujua ninachokiomba.

Mtu wa kwanza aliandika kwamba nguruwe wana nguvu mno, wapunguzwe. Wa pili, siku hiyohiyo, akasema nguruwe ni wazembe, nguruwe wa Ruangwa hawaogopi debe, hawa wangu wamelelewa na nani? Mwingine anataka bunduki. Nikamjibu kwamba mlinzi wa dungu hana bunduki, ana debe. Akarudi: basi weka bomu. Mama mmoja aliniandikia kwa heshima kabisa kwamba wanawe wakitoka madrasa wanakimbilia nguruwe kwenye simu, je, siwezi kuwatoa nikaweka ng'ombe? Nilikaa na ujumbe huo nusu saa nzima. Ng'ombe wa nani huyo anayetoka msituni? Halafu yupo anayeuliza kila siku toleo la Kiingereza linatoka lini, na anauliza kwa Kiswahili.

Wote nawajibu. Mwalimu wetu wa kompyuta alitufundisha kwamba ukiomba maoni halafu ukanyamaza, umemwita mgeni ukamfungia mlango. Kwa hiyo nawajibu mmoja mmoja: "Asante kwa maoni yako. Timu ya Dungu inalifanyia kazi."

Timu ya Dungu ni mimi na kuku wa mama anayetagia chini ya kitanda changu.

Yote hayo ningeyavumilia. Linalonimaliza ni lalamiko la majirani. Kila nikifungua ukurasa lipo. Majirani wachoyo. Majirani hawana shukrani. Nimepeleka walinzi wangu siku tatu, jirani haji hata mara moja. Toa majirani, kila mtu alinde chake.

Na mbele yao wote, kama kiongozi wa maandamano, baba:

"Ndugu mtengenezaji, kwa heshima, majirani uliowaweka humu ni wachoyo. Natoa walinzi wangu, sipati kitu. Ndivyo walivyo hata katika maisha halisi. Kiondoe kipengele hiki."

Hiyo "ndivyo walivyo" naijua inatoka wapi. Baba ni mtu wa Singida. Aliletwa huku na serikali kama afisa ugani, akaoa Mbekenyera, kijijini kwa kina mama, na miaka ishirini baadaye bado anasema "watu wa huku" kama mtu aliyeshuka kwenye basi jana. Mwaka wake wa pili alilima mahindi Nambambo. Nguruwe wakayamaliza kwa usiku mmoja, na hakuna jirani aliyetoka hata na kopo. Hadithi hiyo nimeisikia tangu sijaota meno. "Watu wa huku watakuchekea vizuri tu," husema, "lakini shamba lako likiliwa wanajifunika shuka." Anasema hivyo huku mama, ambaye ni mtu wa huku, anamwongezea chai.

Sasa amelipeleka shauri lake hadi ofisini. Wenzake wameipakua gemu, nao wanaandika kiondoe, kiondoe. Wiki iliyopita nilichoka, nikawatangazia wachezaji kwamba Jumapili, yaani leo, nitasema kama majirani wanabaki au wanatoka.

Nikiwatoa majirani, Dungu haipo tena. Linabaki shamba, nguruwe na makelele, na gemu za namna hiyo zimejaa kila simu.

Sasa sehemu ya pili ya ungamo, ambayo ni mbaya kuliko ya kwanza.

Tatizo la majirani nalijua. Nimelijua kwa wiki mbili.

Jioni moja nilimpelekea baba chai akiwa anacheza, nikasimama nyuma yake na sahani ya mihogo. Nikamwona anawachukua walinzi wake wawili, anawapitisha mbele ya nyumba ya jirani, anawaingiza moja kwa moja shambani kwa jirani. Mlango wa jirani uko palepale, na taa yake inawaka. Baba akaupita.



Kwenye Dungu, jioni, unaugusa mlango wa jirani mara mbili. Hiyo ni hodi. Anatoka, mnaelewana usiku huo nani alinde wapi, na baada ya hapo anakuja kwako bila kukosa. Usipopiga hodi, haji. Ukisema ni mchoyo unamwonea, kwa sababu hujamwambia kitu. Hata Mbekenyera kwenyewe, ukienda kukaa kwenye shamba la mtu bila kupita kwake kwanza, hakuna atakayekushukuru. Utaulizwa umepoteza nini humo.

Kwenye maelekezo niliandika jinsi ya kufunga kamba. Niliandika jinsi ya kupanda dungu na jinsi ya kupiga debe. Hodi sikuiandika. Haikunijia hata kidogo kwamba kuna mtu wa kuandikiwa hivyo. Ni kama kumwandikia mtu kwamba kabla ya kula ugali ananawa.

Ndipo nikaelewa kwa nini wachezaji wa Kiegei, watu wa huku huku, hawajawahi kulalamikia majirani. Mmoja wao aliwahi kuandika, "Majirani wako poa, ila nguruwe wako wamelala." Nilidhani ananitania. Kumbe yeye aliugusa mlango bila kuambiwa, na haikumjia kwamba wengine hawagusi.

Kosa ni langu. Kulirekebisha ni kuandika mstari mmoja tu. Na kwa wiki mbili sijauandika, nimekaa naandika "timu inalifanyia kazi".

Sababu ni sauti.

Sauti zote za Dungu nilizirekodi kwa bibi, mama yake mama, Mbekenyera, likizo ya Desemba. Debe ni debe lake. Makopo ni makopo yake. Na ukipiga hodi kwa jirani, anayekuitikia ni bibi mwenyewe. Nilimrekodi jioni moja akimpokea jirani aliyekuja kwa ajili ya zamu, simu ikiwa mfukoni mwangu, hata yeye hakujua: "Karibu, mwanangu! Mbona umechelewa? Debe umeleta?"

Kwa hiyo nikiwafundisha wachezaji kupiga hodi, baba atapiga hodi. Akipiga hodi, atamsikia mkwewe ndani ya simu yake. Na watu wenye simu ya kumrekodi bibi yangu tuko wachache.

Nilijaribu kuitoa ile sauti. Mlango ukafunguka kimya kimya, kama nyumba yenye msiba. Nikairudisha. Nilifikiria kuweka sauti yangu, lakini hiyo angeijua haraka zaidi. Kumwomba mtu mwingine siwezi. Mimi ni mtu wa kutembea hadi duka la mbali kwa sababu muuza duka wa karibu anapenda maongezi.

Najua mtauliza kwa nini nisimwambie tu baba. Hatanipiga, hatanifokea.

Tatizo ni kwamba atanipa nyota tano.

Nikiwa kidato cha pili niliandika shairi la kufunga muhula. Lilikuwa baya. Nililisoma tena mwaka jana nikajifunika uso na mto. Baba alilibandika ukutani ofisini kwake, na kila mkulima aliyekuja kuuliza habari za mbolea alisomewa kwanza. Ndivyo alivyo kwa vitu vyangu. Mkulima Halisi ndiye mtu pekee katika ukoo wetu ambaye amewahi kuniambia ukweli, na ananiambia kwa sababu hajui ni mimi. Siku akijua, nitampoteza Mkulima Halisi, na sitajua tena kama Dungu ni nzuri au kama mimi ni binti yake.

Basi, hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa hadi jana asubuhi.

Kila Julai baba huenda Mbekenyera kuangalia mikorosho ya bibi. Mama akasema safari hii niende naye, nibebe sukari na sabuni. Tukapanda gari hadi Ruangwa, kutoka hapo bodaboda mbili, yeye mbele, mimi nyuma nikila vumbi lake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona umekonda? Huko Nachingwea wanakupikia upepo?"

"Nakula, bibi."

"Unakula kalamu. Lete mkono nione. Huu ndio mkono wa kuniibia mume? Babu yako angekurudisha kwenu siku hiyohiyo."

Kwangu bibi ana maneno ya namna hiyo, kwa sababu mimi ni mjukuu. Kwa baba hana hata moja. Yeye na baba ni wakwe, na pale kwa bibi mkwe haongei na mkwe uso kwa uso, wala hawakai mkeka mmoja, wala hawali mbele ya mwenzake. Bibi hukaa mlangoni pa jiko, kanga kichwani, ameangalia pembeni. Baba hukaa kwenye kigoda upande wa pili wa uwanja. Katikati nakaa mimi, kama nguzo ya simu.

"Mwambie baba yako karibu."

"Baba, bibi anasema karibu."

"Mwambie bibi yako ahsante. Mikorosho nimeiona, imechanua vizuri, lakini ule wa pembeni una ukungu. Upulizwe tena wiki ijayo."

"Bibi, baba anasema..."

"Mwambie nimeona mwenyewe ule wa pembeni."

Wote wanasikiana vizuri kabisa. Ni hatua kumi tu. Lakini heshima ni heshima, na siku nzima kazi yangu ni kurudia maneno ambayo kila mtu ameshayasikia. Mimi, ambaye kusema langu moja kunanitoa jasho.

Baada ya kula, baba kwake na sisi kwetu, akatoa simu. Nikajua. Debe likalia.

Bibi akainua kichwa. "Nani anapiga debe mchana huu?"

"Ni simu ya baba, bibi. Kuna mchezo humo wa kulinda shamba."

"Baba yako analinda shamba?" Macho yakamng'aa. "Hebu nisimulie."

Nikamsimulia, kwa Kiswahili na kwa Kimwera, lugha ya kwao, kile changu cha kuombea maji. Ana walinzi wanne, bibi. Wawili wako juu ya dungu. Sasa anawachukua wawili anawapeleka kwa jirani. Wanapita mbele ya mlango. Wanaingia shambani.

"Wamepita mlangoni?"

"Ndiyo, bibi."

"Bila hodi?"

"Bila hodi."

Bibi alicheka hadi akaitafuna kanga ili sauti isifike kwa mkwe. Ikafika. "Mwambie baba yako anaingia shamba la watu kama mwizi wa mihogo! Apige hodi."

"Baba, bibi anasema..." Nikaruka mwizi wa mihogo. "Anasema upige hodi."

Baba hakuinua macho. "Mwambie bibi yako hii ni gemu. Hakuna hodi humu. Huyu kijana aliyeitengeneza hajafikiria mbali hivyo."

Ningenyamaza, yangeishia pale. Siri yangu ingerudi nayo Nachingwea salama salimini. Lakini mimi nimefikiria mbali hivyo! Nimefikiria mbali kuliko hapo. Ule mlango niliuchora mara sita. Wiki mbili za nyota mbili zilinipanda kooni kwa pamoja.

"Baba, gusa mlango," nikasema. "Mara mbili."

"Umejuaje?"

"Nakisia tu."

Akagusa.

"Karibu, mwanangu! Mbona umechelewa? Debe umeleta?"

Niliangalia siafu mmoja aliyekuwa anapita karibu na kidole changu cha mguu. Nilimwangalia kwa makini sana.

Bibi ndiye aliyesema kwanza. "Sauti ya nani hiyo? Kama ya marehemu dada yangu."

Baba akagusa mlango wa pili. Karibu, mwanangu. Akagusa wa tatu. Mbona umechelewa? Kisha akashusha simu magotini akaiacha iendelee yenyewe. Nilisikia makopo yakilia kutoka pande zote za shamba lake, debe hapa, debe pale, wanaume wa majirani wakiitana. Nguruwe wakaguna, wakarudi msituni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka usiku ule. Wiki tatu alikwama hapo.

Hakushangilia.

Bibi akaongea kwa Kimwera, taratibu, bila kucheka tena. "Muulize baba yako, lile shamba lake la Nambambo, alimpigia nani hodi?"

Sikutaka kulisema. Nilimwangalia bibi aniachie, akaangalia pembeni kama mkwe mwema. Nikageuka. "Baba, bibi anauliza..."

"Nimesikia," baba akasema.

Baba anakielewa Kimwera kuliko anavyokubali.

Akaiangalia simu, na ndani ya simu kulikuwa kumekucha, majirani wanaagana, kila mtu na debe lake. Kisha akasema, "Mwambie bibi yako, hakuna. Sikumpigia mtu."

Sikuhitaji kurudia, lakini nilirudia. Safari hii niliona bora lipite kwangu.

"Mwambie baba yako Nambambo haijahama," bibi akasema. "Mwakani alime tena."

Wakati wa kuondoka bibi aliniita jikoni anifungie karanga. Akafunga fundo, akalikaza, akanivuta sikio hadi kwenye mdomo wake.

"Mke mwenzangu," akaninong'oneza, "kumbe nina sauti nzuri hivyo?"

Nikazichukua karanga, nikakimbilia bodaboda.

Pale Ruangwa tulisubiri gari kwa muda mrefu. Baba alikaa kwenye benchi akatoa simu, akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Aliandika, akafuta, akaandika. Hakusoma kwa sauti. Hata neno moja. Tangu nimfahamu baba sijamwona akiandika kimya.

Leo asubuhi ndipo nilipofungua ukurasa. Nanakili yote:

"Ndugu mtengenezaji. Nilikosea kuhusu majirani. Jioni unagusa mlango wao mara mbili, wanakuja. Wachezaji wenzangu, jaribuni kabla ya kulalamika kama nilivyolalamika mimi. Majirani wabaki. Lakini na wewe umekosea. Jambo mnalolijua wewe na bibi yako, sisi tuliotoka mbali hatulijui mpaka tuambiwe, na mtu anaweza kuishi nalo miaka mingi akidhani anachukiwa. Liandike ukurasa wa kwanza. Pili, ufuta wako unakatwa ukiwa umekauka kabisa shambani. Mbegu zote zingekuwa zimeshamwagika. Ukatwe mapema, ufungwe, usimamishwe ukauke. Tatu, nyani hawana akili. Nyota tatu."

Wewe na bibi yako.

Nimeisoma mara kumi na moja. Inaweza kuwa maneno tu. Watu husema hivyo, wewe na bibi yako, wewe na wenzako. Inaweza kuwa hivyo kabisa.

Nyota tatu.

Si tano! Nilicheka peke yangu chumbani hadi kuku akayaacha mayai yake. Shairi baya lilibandikwa ukutani, na gemu iliyonikosesha usingizi mwaka mzima imepata tatu, na nyani wangu hawana akili. Sijawahi kusifiwa hivi.

Nikaandika maelekezo upya. Mstari wa kwanza kabisa, kabla ya debe, kabla ya kamba: "Jioni, piga hodi kwa jirani. Gusa mlango wake mara mbili." Nikawatangazia wachezaji kwamba majirani wanabaki. Halafu nikamjibu Mkulima Halisi. Nilianza na "Timu ya Dungu", nikafuta. Nikaandika: "Asante. Kosa lilikuwa langu. Nimeliandika."

Upande wa pili wa ukuta simu ikalia. Kisha, "Binti, chai."

Nikampelekea. Alikuwa ameishika simu, miwani kwenye ncha ya pua, hakuniangalia. Alikuwa ameangalia pembeni kidogo, kuelekea dirishani, vilevile anavyokaa kwa bibi.

"Amejibu haraka leo," akasema.

"Nani, baba?"

Akakoroga chai. Akakoroga kuliko sukari iliyokuwemo.

"Mwambie arekebishe ufuta."

Basi. Akanywa chai yake, na mimi nikarudi chumbani na sinia tupu. Mwambie nani?

Tayari watu wawili wameandika kwamba hodi inawachelewesha, niweke kitufe cha kuwaita majirani wote kwa mpigo. Sitaweka. Kesho nitawaeleza kwa nini, kwa upole, mmoja mmoja, na wataniudhi tena. Leo nakata ufuta.

Ninyi mlionisoma hadi hapa, ambao kwa hesabu ya jana mko kumi na wanne, nawaomba kitu kimoja. Msimwambie baba. Kama hajui, asijue. Na kama anajua, asijue kwamba najua. Zimebaki nyota mbili, na hizo nazitaka kutoka kwa Mkulima Halisi.